Faili Haionekani: Kutafuta Rekodi za Kesi za Jinai Malindi na Lamu

Anayekwenda masijala ya mahakama ya Malindi na jina la mtu peke yake mara nyingi hurudi mikono mitupu. Si kwamba karani ana roho mbaya. Kenya haina daftari moja la wazi ambalo raia anaandika jina akaletewa kesi zote za mwenye jina hilo, tangu Lunga Lunga hadi Lodwar. Kilichopo ni mafaili, na kila faili hujulikana kwa mambo matatu: ni la mahakama gani, la mwaka gani, na namba yake ni ngapi. Wewe unatafuta mtu. Mahakama inatunza kesi. Ukishalikubali hilo, vikwazo vingi utavijua vimetoka wapi.

Mwongozo huu ni kwa mwajiri, mpangishaji nyumba, mama anayefuatilia kesi ya mwanawe, aliyetendewa jinai akaachwa gizani, na mtu anayetaka kujua jina lake mwenyewe limeandikwaje. Nimeupanga kwa kufuata malalamiko yenyewe, jinsi watu wanavyoyaeleza wakitoka mlangoni.

"Nimeandika jina mtandaoni, hakuna kitu"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na sababu zake ni nyingi.

Tovuti ya Kenya Law, inayoendeshwa na Baraza la Kitaifa la Kuchapisha Taarifa za Sheria, huweka hukumu na maamuzi bure, na yeyote anaweza kusoma bila akaunti. Lakini sehemu kubwa ya yaliyomo ni ya Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu. Kesi nyingi za jinai za Malindi, Lamu na Mpeketoni huanzia na kuishia kwa hakimu: wizi, kuvunja nyumba, kujeruhi, bhangi, hata wizi wa mabavu. Hukumu nyingi za mahakimu, hasa za miaka ya nyuma, hazikupandishwa mtandaoni. Kwa hiyo ukurasa mtupu hausemi kwamba mtu huyo hajawahi kushtakiwa. Mwajiri anayefungua tovuti hii, asione jina, kisha akaandika "rekodi safi" kwenye faili la mfanyakazi, anajidanganya.

Sababu ya pili ni tahajia. Pwani yetu ina majina machache yanayozunguka kwa watu wengi, na kila askari anayeandika hati ya mashtaka huandika alivyosikia. Athman huyohuyo ni Athuman, Othman na Adhman. Mohamed ana maumbo ambayo hata mwenyewe hayajui yote. Shee wa Lamu huweza kuandikwa Shehe au Sheikh. Kwa Wagiriama, Karisa huwa Charisa, na kwa kuwa majina ya mababu hurudi kwa wajukuu, katika ukoo mmoja unaweza kukuta watu watatu wenye majina mawili yanayofanana kabisa, yamegeuzwa mpangilio tu. Kitambulisho kina majina matatu, hati ya mashtaka ina mawili, na pengine la tatu ni la utani lililotanguliwa na "alias" au alama ya @. Jaribu jina moja moja. Geuza mpangilio. Ondoa "bin" na "binti". Na ukipata jina linalolingana, usishangilie: linganisha mwaka, mahali na umri kabla ya kumtwika mtu kesi ambayo pengine ni ya binamu yake.

Sababu ya tatu haiwajii watu akilini: kesi ya washtakiwa kadhaa hubeba jina la mshtakiwa wa kwanza tu. Waliobaki hufichwa nyuma ya maneno "& another" (na mwingine) au "& 3 others" (na wengine watatu). Kama unayemtafuta alikuwa mshtakiwa wa pili, kichwa cha kesi hakitamtaja. Usitafute kwenye vichwa pekee, tafuta ndani ya maandishi yote ya hukumu.

Kumbuka pia kwamba hukumu hizi huandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 198, inaifanya lugha ya Mahakama Kuu kuwa Kiingereza, na ya mahakama za chini Kiingereza au Kiswahili. Ukiandika "mauaji Malindi" hutaona mengi. Njia rahisi ni kutafuta kwa namba ya kifungu, maana namba hazina lugha: 203 na 204 ni mauaji ya kukusudia katika Kanuni ya Adhabu, 296(2) ni wizi wa mabavu, na kifungu cha 8 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ni unajisi wa mtoto. Kesi ya mauaji iliyoanza Mahakama Kuu huandikwa "Republic v" na jina la mshtakiwa. Kesi ya rufaa hugeuka: jina la aliyekata rufaa hutangulia, na "Republic" hufuata.

Rufaa ndizo zinazofungua mlango uliofungwa. Mtu akihukumiwa na hakimu wa Lamu, akakata rufaa, hukumu ya Mahakama Kuu huanza kwa kutaja kesi ya asili: namba yake, mwaka, mahakama na hakimu aliyeiamua. Hukumu ya hakimu haimo mtandaoni, lakini namba yake imekaa pale juu ya hukumu ya rufaa. Inakili, kisha ipeleke masijala. Mara nyingi hii ndiyo njia fupi kuliko zote, na haina gharama.

"Namba ninayo, lakini mfumo unaikataa"

Kwanza hakikisha ni namba ya mahakama. Familia nyingi hushika namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, wakidhani ndiyo namba ya kesi. Polisi pia wana namba ya faili lao la upelelezi. Hizo mbili hazifungui kitu mahakamani, lakini usizitupe: mpelelezi au ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wanaweza kutumia namba ya polisi kukupa ya mahakama.

Pili, angalia herufi E. Mfumo wa kufungua kesi kwa njia ya mtandao ulianza Nairobi Julai 2020, ukasambazwa kwenye vituo vya mahakama, na Machi 2024 ukatangazwa kwa mahakama zote nchini. Kesi zilizosajiliwa ndani yake hubeba E mbele ya namba. Kesi ya jinai ya hakimu huweza kusomeka MCCR/E045/2023, kwa mfano tu, na rufaa ya jinai ya Mahakama Kuu HCCRA/E012/2022. Ukiacha E, unatafuta kesi nyingine kabisa. Ukiiweka E kwenye kesi ya 2014, unatafuta kesi ambayo haijawahi kuwapo.

Tatu, ngazi. Namba 12 ya mwaka uleule inaweza kuwapo kwa hakimu wa Malindi, Mahakama Kuu ya Malindi, na tena kwenye daftari la makosa ya kingono, ambayo husajiliwa peke yake. Chagua kituo, ngazi na aina ya kesi kwa makini. Kesi za zamani, zile za daftari la wino, nyingi utazipata kwa kufika masijala tu.

"Karani anasema kesi hii si ya hapa"

Huenda anasema kweli. Kanuni ya msingi ni kwamba jinai hushtakiwa mahakama yenye mamlaka mahali kosa lilipotendeka. Haijali mtu kazaliwa wapi wala anaishi wapi. Kijana wa Shela, Lamu, anayedaiwa kutenda kosa Likoni ana faili Mombasa. Mkazi wa Watamu aliyegombana Watamu, mtafute Malindi. Mtwapa imo kaunti ya Kilifi, lakini kesi nyingi za huko hufunguliwa Shanzu, upande wa Mombasa, na watu hupoteza siku nzima kwa kudhani mpaka wa kaunti ndio mpaka wa mahakama.

Kwa Lamu mambo ni mazito zaidi, na nawaonea uchungu wanaotoka Faza, Kizingitini au Kiunga, wakalipa boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kisha wakaambiwa faili liko bara. Mahakama ya hakimu iko kisiwani Amu, na nyingine iko Mpeketoni. Kabla hujapanda boti, muulize mpelelezi au familia ya mshtakiwa: alipandishwa kizimbani wapi siku ya kwanza? Swali hilo moja huokoa nauli.

Kesi za mauaji na rufaa za Lamu zina historia yake. Mashtaka ya mauaji ya kukusudia husikilizwa na Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi ya Lamu yalikwenda Malindi. Baadaye ikafunguliwa Mahakama Kuu Garsen, kaunti ya Tana River, nayo ikawa inasikiliza rufaa kutoka Lamu na Mpeketoni. Kwa hiyo kesi moja ya Lamu inaweza kuwa na faili la hakimu Amu, la rufaa Garsen, na la rufaa ya pili kwenye Mahakama ya Rufani, ambayo imewahi kuketi Malindi na pia huketi Mombasa. Kama unatafuta mauaji ya miaka ya zamani zaidi, kabla ya Malindi kupata Mahakama Kuu yake, uliza Mombasa.

Kisha kuna kesi zinazohama. Ya Shakahola ndiyo tunayoijua wote. Maafa ya waumini waliofunga kula hadi kufa yalitokea msituni, Malindi ikiwa ndiyo mji wa karibu, na 2023 washukiwa walifikishwa kwanza mahakamani Malindi. Baadaye mashtaka yakagawanyika: mengine Shanzu, mengine mahakama ya watoto ya Tononoka, na yale ya mauaji ya watoto yakasomwa Mahakama Kuu ya Malindi mapema 2024. Mtu anayesema "faili la Shakahola" anasema mafaili kadhaa. Kesi za ugaidi nazo, hata kama tukio ni la Lamu, huweza kuwa Mombasa au katika mahakama ya Kahawa, Nairobi.

Jambo moja la mwisho hapa, kwa sababu linawapata wazee wetu sana: Mahakama ya Kadhi haina faili la jinai. Katiba, ibara ya 170, imeiwekea mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Kama mume alimpiga mkewe na talaka ikaamuliwa kwa Kadhi, kipigo chenyewe, ikiwa kilishtakiwa, kiko kwa hakimu.

"Naambiwa nilete barua"

Lete. Mshtakiwa ana haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake chini ya ibara ya 50(5) ya Katiba, kwa ada ya kiasi kama itatakiwa. Wewe uliye mtu wa tatu huna njia ya mkato hiyo, kwa hiyo andika: jina lako, namba ya kitambulisho, kesi unayoitaka, uhusiano wako nayo, na unachotaka hasa, kama ni kulipitia faili au kupata nakala zilizothibitishwa. Kwa Mahakama Kuu mwandikie Naibu Msajili, kwa mahakama ya hakimu mwandikie mkuu wa kituo hicho cha mahakama. Weka nakala yako na igongwe muhuri wa kupokelewa.

Usiende asubuhi. Saa tatu makarani wanakimbizana na mafaili ya kesi za siku hiyo, na hata faili lako pengine liko mbele ya hakimu. Fika baada ya kikao.

Barua isipojibiwa, taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotaka ombi liamuliwe ndani ya siku 21. Ikishindikana, kuna ofisi ya malalamiko ya Idara ya Mahakama na Tume ya Utawala wa Haki. Lipa kwa njia rasmi tu, upate risiti. Akijitokeza mtu nje ya lango akisema faili "lina mwenyewe" na linahitaji kulainishwa, usimpe hata shilingi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi Malindi, tena haiko mbali.

"Faili limepotea"

Neno hili lina maana tatu, na lazima ujue ni ipi.

Maana ya kwanza: limetoka rafu. Faili huenda kwa hakimu anayeandika hukumu, kwa mpiga chapa wa mwenendo, au limepanda Mahakama Kuu kwa ajili ya rufaa au mapitio. Omba rejista ya kesi iangaliwe, siyo rafu. Rejista huonyesha tarehe ya kusajiliwa, kosa, na mara nyingi hatua ya mwisho. Rejista ikisema kuna rufaa, faili lifuate huko.

Maana ya pili: limepotea kweli. Hapo faili hujengwa upya kutoka nakala za upande wa mashtaka, za polisi, za wakili na za mshtakiwa mwenyewe. Kama kuna rufaa inayosubiri, hili ni jambo la haraka, maana mtu anaweza kuwa amekaa jela akingoja karatasi. Peleka kila kipande ulichonacho, hata risiti ya dhamana au ya faini: ina namba ya kesi.

Maana ya tatu: limeharibiwa kisheria. Sheria inaruhusu mahakama kuteketeza rekodi za zamani, lakini si kimyakimya. Hutangulia tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya, kwamba baada ya miezi mitatu mahakama fulani itaomba idhini ya Jaji Mkuu kuharibu mafaili ya miaka fulani, na mwenye haja na faili lolote ajitokeze. Magazeti hayo ya serikali yanasomeka mtandaoni. Ukiambiwa "tulichoma", uliza tangazo la mwaka gani.

"Nimeipata, lakini sielewi iliishaje"

Hapa ndipo watu huvunjiana heshima, na ndipo ningependa msomaji atulie zaidi.

Hati ya mashtaka ni madai. Ibara ya 50(2)(a) ya Katiba inasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine. Ukiona jina na kosa, hujaona rekodi ya uhalifu. Umeona mwanzo wa kesi. Nenda ukurasa wa mwisho, utafute namba ya kifungu.

Kifungu cha 87(a): mwendesha mashtaka aliiondoa kesi kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea. Mtu ameachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Kwa hiyo angalia kama kuna faili jipya lenye mwaka wa baadaye. Kifungu cha 202: mlalamikaji hakufika, mshtakiwa akaachiliwa huru. Cha 204 (si kile cha mauaji katika Kanuni ya Adhabu): mlalamikaji mwenyewe aliondoa malalamiko kwa ruhusa ya mahakama, na hapa pia mshtakiwa yuko huru. Kesi nyingi za majirani na ndugu huishia hivi baada ya wazee kukaa kitako. Cha 210: upande wa mashtaka ulimaliza mashahidi wake na hakimu akaona hakuna kesi ya kujibu. Cha 215 ndicho cha hukumu baada ya pande zote kusikilizwa, na humaanisha moja kati ya mawili, ametiwa hatiani au ameachiliwa huru, kwa hiyo kisome chote. Vyote hivyo ni vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu ni kitu kingine: mahakama iliona kosa limethibitika lakini ikamwachilia bila adhabu, kwa masharti au bila masharti.

Hata ukikuta hatia na kifungo, hujafika mwisho. Rufaa kutoka kwa hakimu hukatwa ndani ya siku 14, na mahakama huweza kuongeza muda. Hatia ya 2017 inaweza kuwa ilifutwa Garsen 2019. Anayetangaza ya kwanza bila kutafuta ya pili anamfunga mtu mara ya pili.

Kuhusu uzito wa kosa: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 4, huhesabu kuwa jinai nzito kosa lililotajwa hivyo na sheria, au lile ambalo halikutajwa kuwa dogo na adhabu yake ni kifo au kifungo cha miaka 3 na zaidi. Kinachotazamwa ni adhabu iliyoandikwa kwenye sheria, si aliyopewa mtu. Aliyelipa faini tu anaweza kuwa na hatia ya jinai nzito.

"Hukumu ina herufi badala ya majina"

Imefanywa kusudi, kumlinda mtoto au aliyedhulumiwa kingono. Wakati mwingine hata jina la mshtakiwa hufupishwa, kwa kuwa yeye ni baba au mjomba na jina lake lingemfichua mtoto. Usijaribu kufumbua. Miji yetu ni midogo, na mtoto huyo anapita njia ileile unayopita.

"Cheti cha polisi na faili la mahakama havikubaliani"

Cheti cha maadili mema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, baada ya ombi la eCitizen na alama za vidole. Anakiomba mwenyewe; huwezi kumwombea mfanyakazi wako. Waajiri wengi wangefanya vyema kumtaka mtu alete cheti hiki kuliko kuhangaika kuvizia jina lake mtandaoni, na vijana wanaosafiri kwenda Saudi au Qatar wanakijua vizuri.

Tatizo linalojitokeza ni la mtu aliyeachiliwa huru miaka iliyopita, lakini cheti kinakuja na kesi juu yake. Sababu ya kawaida ni kwamba alama za vidole zilifika Nairobi aliposhtakiwa, ila matokeo ya kesi hayakufuata. Dawa iko masijala: omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu au amri ya kumwachilia, yenye muhuri, kisha iwasilishe kwa DCI pamoja na barua ya kuomba rekodi irekebishwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zisizo sahihi kumhusu zirekebishwe, na barua itaje hilo. Fanya mapema, wiki nyingi kabla ya tarehe ya safari, na chukua nakala mbili zilizothibitishwa badala ya moja, kwa sababu ile unayoikabidhi huwezi kuitegemea irudi.